Mvumo wa Kitanda cha Tisa

Juni, Punta Arenas. Jua linachelewa kazini hadi saa nne,
sisi hatuthubutu.
Nimeshapiga pasi koti jeupe,
kalamu tatu mfukoni: nyeusi, nyekundu,
na ya kumwazima daktari iwapo yake itagoma.
(Haikugoma. Majuma matano, haikugoma hata siku moja.)

Njiani upepo ulitaka kunivua kofia pamoja na jina.
Nikashika kamba zilizofungwa kando ya barabara,
huku nikikariri: potasiamu, tatu na nusu hadi tano,
na jina la mbwa wake,
maana Baltazar alisema anampenda kuliko watu.

Saa moja kamili, Daktari Yasna Ivelic.
Viatu visivyolia. Hana salamu ya asubuhi.
Tunamfuata wodini, vifaranga wanane,
kila mmoja akinyoosha shingo aonekane.
Baltazar hujibu swali kabla halijamalizika.
Rayén huandika hata kikohozi cha daktari.
Mimi hutikisa kichwa.
Nilikuwa hodari sana wa kutikisa kichwa.

Kitanda cha tisa: Don Eleuterio Barría,
mkata manyoya ya kondoo, miaka arobaini na mmoja mkasi mkononi,
vidole vimepinda kana kwamba bado vimemkumbatia mnyama.
"Sikilizeni moyo. Niambieni."
"Mvumo," akasema Baltazar.
"Mvumo," akasema Rayén.
Nikainama. Nikasikia damu yangu mwenyewe masikioni,
nikasikia dirisha likitetemeka,
na tumbo la mzee likidai chai.
"Mvumo," nikasema.
Daktari akanitazama kitambo kidogo,
kitambo cha kufunga kifungo,
akapita.

Mchana uongo ule haukuwa na uzito.
Saa tano usiku nilijikuta wodini tena.

Mzee yu macho. "Wewe hukusikia kitu.
Nimefundisha vijana wengi kukata manyoya.
Asiyejua ngozi inaanzia wapi hukaza taya hivyo hivyo,
halafu kondoo hutoka damu."
Akafungua vifungo vyake mwenyewe.
"Haya. Lipashe moto dude hilo kwanza."
Nikalipasha kiganjani. Nikasikiliza mpaka goti likafa ganzi.
Mpigo. Mpigo. Upepo wa nje.
Basi.

Asubuhi, mbele ya wote, sauti ikinitoka nyembamba:
"Daktari, jana sikuusikia. Nilisema tu."
Baltazar alitazama viatu vyake.
(Baadaye, chooni, alininong'oneza: "Kumbe hata wewe?")
"Na leo?"
"Bado."
Nilitarajia radi. Au, niseme kweli, nilitarajia sifa,
maana hata ungamo lile nilikuwa nimelipiga pasi.
"Saa nane," akasema, akafunua faili lingine.

Saa nane alikuja na mkate bado shavuni.
Akamlaza mzee ubavu wa kushoto,
taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala.
Akakishika kidole changu, akakibana kati ya mbavu mbili:
"Hapa. Mipigo iache ipite.
Sikiliza kilichobaki katikati."
Tukangoja. Hakutazama saa.
Nami nilisahau kuwa ananitazama,
na hapo, chini kabisa, kitu kikakwaruza,
kizito, cha mbali,
upepo unaopenya chini ya mlango wa zizi.
"Ndio huo," akasema mzee, nami sijatamka neno.
Aliuona usoni mwangu.

Alinipa tano na nusu kati ya saba.
Baltazar, sita na nukta tisa.
Penye maelezo aliandika maneno mawili: "Huchelewa kusikia."
Nimeyasoma nikiwa na hasira, nikiwa nimelewa, nikiwa zamu ya usiku,
na kila mara husema jambo jingine.

Kalamu ya tatu ningali nayo, wino umekauka.

Siku ya kuruhusiwa, Don Eleuterio alikataa kiti cha magurudumu,
akaketi ukingoni mwa kitanda, kofia kichwani,
kamba za viatu zikiburuta sakafuni.
"Niitieni yule kiziwi," aliwaambia wauguzi,
"aje anifunge."